Mwanangu, hiyo siyo malaria

Asalam aleykum mwanangu,

Ile voisi yako ya juzi usiku nimeisikiliza mara tatu. Ya kwanza nilikuwa jikoni sikusikia vizuri, ya pili nikakaa chini, ya tatu nikalia, manake maneno uliyosema ni yaleyale niliyokuwa nayo mimi ndani ya nyumba hii na sikuyasema kwa mtu. Umesema usiku unaamka shuka imeloa, umepima malaria mara tatu hapo Mbale hakuna kitu, mwezi unaruka halafu ukija unakuja kama bomba limepasuka, mtoto akiangusha sahani unapiga kelele mpaka jirani anakuja kuuliza kuna nini, na baba watoto anasema umebadilika. Halafu ukaniuliza, "Mama, nitajuaje kama ni umri ama ni ugonjwa? Na wewe ilikuanza lini?" Nilitaka kukupigia lakini haya mambo siwezi kuyasema kwa simu watu wakiwa wameketi hapa barazani, kwa hivyo naandika, na naandika yote, soma polepole.

Mimi hii safari ya kuelekea kukoma hedhi ilinianza mwaka 2001, nina miaka 44. Wewe ulikuwa siniya foo, mwaka wa nne wa sekondari. Na unajua nini kilinishtua kwanza, siyo jasho, ni Ramadhani. Ile ya mwaka huo iliangukia Novemba, na tangu nivunje ungo, ukitoa miaka ya mimba na kunyonyesha, kila Ramadhani ilikuwa inaniachia deni la siku sita ama saba ambalo nalilipa kidogo kidogo mpaka Shaabani. Mwaka huo nikafunga yote mpaka Idi, sikudaiwa hata siku moja. Nikafurahi! Nikasema Mungu amenipa zawadi. Wiki mbili baada ya Idi ikaja damu siku 11, nzito, mabonge mabonge, mpaka nikawa sijui niswali ama nisiswali.

Halafu ndo jasho likaja. Nilikuwa nashona kawa, zile za rangi za kufunikia chakula, na ghafla kifua kinawaka, moto unapanda shingoni, usoni, moyo unakimbia kama nimeona nyoka, dakika mbili tatu nimeloa, halafu baridi. Nikaenda kliniki moja, wakasema malaria, wakanipa klorokwini. Unajua klorokwini inavyowasha mwili, nilijikuna usiku mzima. Mwezi uliofuata tena malaria, tena klorokwini. Mara nne mwanangu! Hakuna hata siku moja mtu aliniuliza una miaka mingapi, mara ya mwisho uliingia mwezini lini. Jirani mmoja akasema ni jini, nikaandikiwa kombe nikanywa, na dua zilinituliza moyo, siwezi kukataa, ila jasho lilibaki palepale.

Na sasa nakuambia kitu ambacho nimekibeba miaka yote hii. Ile siku nilikupiga na mwiko kwa sababu ya chumvi. Chumvi tu, kwenye maharagwe. Ulikuwa na mtihani kesho yake na ulilala njaa. Mimi nililala macho nikijiuliza huyu mwanamke ni nani amenipigia mtoto. Sikuja kukuambia samahani kwa sababu sikujua niseme kimetoka wapi. Hasira ile haikuwa yako. Nilikukosea, mwanangu, nisamehe. Ndo maana nimeshtuka kusikia unavyowapigia kelele wajukuu wangu, sitaki wakue wakidhani mama yao hawapendi.

Nani angeniambia? Jirani zetu Waganda wana ssenga, shangazi wa kumfunza msichana, sisi tuna shangazi na makungwi wetu, wote wanamfundisha msichana akivunja ungo, wanamfundisha akiolewa, lakini mwanamke wa miaka 45 hakuna anayemkalisha mkekani. Nyanya yako aliniambia neno moja tu, "umeanza kukauka," akaenda zake shamba. Mimi nilikuja kuelewa baadaye sana, nilipoelezwa na binti wa dada yangu, yule mkunga, na tangu hapo nimemuuliza mpaka akachoka.

Hivi ndo nilivyoelewa. Msichana anazaliwa na mayai yake yote tumboni, milioni moja mpaka mbili, akivunja ungo yamebaki kama laki tatu ama nne, na yanaendelea kupungua mpaka ukikaribia mwisho yamebaki kama elfu moja hivi. Ovari, yaani vile vifuko vya mayai, ndo zinatengeneza zile homoni mbili kubwa, estrojeni na projesteroni. Kuna mwezi yai halitoki, basi projesteroni haitengenezwi ya kutosha, utando wa kizazi unazidi kuwa mnene, ukibomoka ndo ile mafuriko. Ubongo nao ukiona ovari zinalegea unazidi kuzihimiza, kwa hivyo estrojeni haishuki taratibu kama mtu anateremka ngazi, inapanda juu sana wiki hii, wiki ijayo iko chini. Ni kama umeme wetu hapa Bombo, ukikatika kabisa firiji inakaa tu kimya, kinachounguza firiji ni kule kupanda na kushuka. Ndo maana miaka ya kabla ya kukoma inasumbua wengi kuliko kukoma kwenyewe. Na ile sehemu ya ubongo inayopima joto la mwili inachanganyikiwa, joto kidogo tu la kawaida inaona ni moto, inafungua jasho lote.

Kukoma hedhi wanahesabu ukimaliza miezi 12 mfululizo bila damu hata tone. Wengi ni kati ya miaka 45 na 55. Lakini safari ya kuelekea huko inaanza miaka kadhaa kabla, inaweza kuwa minne, inaweza kuwa minane, kwa hivyo wewe na miaka yako 41 siyo ajabu kuanza kuona dalili, na mara nyingi binti anamfuata mama yake, mimi ya mwisho niliiona nikiwa na 49. Ingekuwa imekukatika kabisa kabla ya 40 hapo ningesema kimbia kwa daktari kesho, hiyo ni jambo lingine.

Dalili siyo jasho tu, na hapa ndo wanawake wengi wanapotea, kwa sababu kila moja wanaipeleka kwa daktari wake. Kuamka saa tisa usiku usingizi umekwisha. Moyo kudunda bila sababu. Viungo kuuma asubuhi, mimi bega la kushoto lilikataa kabisa kuinua ndoo. Kusahau, unaingia chumbani unasimama hujui umefuata nini, mimi nilidhani nimeanza kupata wazimu. Matiti kuuma, nywele kupungua, tumbo kunenepa na chakula ni kilekile. Wasiwasi na machozi ya bure. Na chini kunakuwa pakavu, panawaka, mkojo unakuja haraka haraka, na tendo la ndoa linauma, nisamehe nalisema wazi lakini wewe ni mtu mzima na mimi na baba yako tulinuniana karibu mwaka mzima kwa sababu hiyo, yeye alifikiri simtaki, mimi nilinyamaza.

Sasa utajuaje? Nunua daftari, lile la shule la watoto linatosha. Siku moja haikuambii kitu, miezi mitatu inakuambia. Andika damu imeanza lini, imeisha lini, pedi ngapi kwa siku, jasho mara ngapi na saa ngapi, umelala vipi, hasira imekuja siku gani. Mizunguko ikianza kupishana kwa siku saba au zaidi, mmoja siku 23 mwingine 34, hiyo ndo alama ya mapema wanayoiangalia. Na usiku ukiamka umeloa, weka kipimajoto kwapani. Malaria utakuta homa, mwili unauma, kichwa, baridi ya kutetemeka. Hii nyingine mwili ndani hauna homa kabisa, unahisi unaungua lakini kipimo kinasoma kawaida, na baada ya dakika chache imepita.

Lakini usije ukafanya kosa la upande wa pili, mama, ukasema ni homoni kwa kila kitu. Kwanza pima mimba. Usicheke. Mwezi ukiruka na una mume, pima mimba, hata ukiwa na 45, manake yai linaweza kutoka mwezi wowote, na uzazi wa mpango hauachi mpaka upitishe mwaka mzima bila damu kama umevuka 50, na kama hujafika 50 basi miaka miwili. Halafu uliniambia sindano ya miezi mitatu uliiacha mwaka huu, Januari kama sijasahau. Mwambie daktari hilo, ile sindano ukiiacha mwezi unaweza kukaa vibaya muda mrefu, hata karibu mwaka, kwa hivyo huenda nusu ya hii vurugu ni yenyewe.

Jasho la usiku lenye kikohozi cha wiki mbili na nguo zinakupwaya, hiyo wapime kifua kikuu, na HIV pia pima usione haya. Mikono ikitetemeka, unakula vizuri na bado unakonda, shingo imevimba hapa mbele, ni tezi ya shingo. Kiu na mkojo mwingi, pima sukari. Na hiyo damu yako sipendi nilivyoisikia. Ukijaza pedi kila saa moja, saa mbili tatu mfululizo, usingoje asubuhi. Ukiona damu baada ya kulala na mume, ama katikati ya mwezi, ama siku moja mbele huko baada ya kukoma kabisa, hata kidogo, nenda. Wafanye skani waangalie faibroidi, ule uvimbe wa kwenye kizazi, wapime na kiasi cha damu mwilini, manake kuchoka kwako na kuhema ukipanda ngazi kunaweza kuwa damu imepungua tu, na dawa yake ni vidonge vya ayoni, yaani madini ya chuma. Na upimwe mlango wa kizazi. Hiyo saratani ndo inaongoza kwa wanawake hapa Uganda, na kipimo ni rahisi, wanapaka siki wanaangalia pakibadilika rangi. Nimezika rafiki yangu kwa hilo, alisema ni umri tu umri tu, mwaka mzima damu inamtoka.

Kipimo cha homoni chenyewe, kwa umri wako daktari anaweza kukitaka, sawa, ila kikitoka kizuri usiseme basi siyo hiyo, kwa sababu leo ziko juu kesho ziko chini. Daftari lako lina maneno mengi kuliko hicho kipimo.

Dawa zipo, na hili mimi sikuambiwa. Kuna dawa za kurudisha homoni. Mwaka 2002, wakati mimi naloa hapa, Marekani ulitoka utafiti mkubwa ukatisha dunia nzima kuhusu hizo dawa, saratani ya matiti, damu kuganda, wanawake wakaziacha. Baadaye wakaangalia vizuri wakakuta wale wanawake wa utafiti kwa wastani walikuwa na miaka 63, walishapita huko zamani. Kwa aliye chini ya 60 ama hajapitisha miaka 10 tangu akome, na mwili wake ni mzima, faida mara nyingi inazidi hatari. Aliyewahi kuugua saratani ya matiti, kiharusi ama damu kuganda, hapana. Na mwenye kizazi chake hapewi estrojeni peke yake, lazima projesteroni iwepo, la sivyo utando wa ndani unaweza kugeuka saratani. Kwa hivyo usinunue kwa duka la dawa kwa kuambiwa na rafiki, nenda kwa daktari wa akina mama, hata ukipanda mpaka Kampala nitachangia nauli. Kwa ule ukavu kuna krimu ya estrojeni ya kupaka palepale na kuna jeli ya maji, lakini mitishamba ya kuingiza ndani usiguse.

Kwa sasa, usiku vaa pamba, chai ya moto sana na pilipili punguza uone. Kula mukene, wale dagaa, mzima na miba yake, simsim yaani ufuta, dodo ile mboga ya mchicha, maziwa, kwa sababu estrojeni ikiondoka mifupa inaliwa, unamjua shangazi yako alivyovunjika nyonga kwa kuteleza tu bafuni. Tembea, beba vitu, usiwe wa kukaa dukani kutwa.

Na zungumza na baba watoto. Mwambie hivi hivi nilivyokuambia, ama mpe hii asome kuanzia pale kwenye umeme, sehemu ya mwiko iache iwe yetu.

Njoo wiki ya mwisho ya mwezi, watoto waache na baba yao hata siku mbili. Njoo na daftari, hata kama lina kurasa tatu tu tutalisoma wote na yule dada yako mkunga, nimeshamwambia unakuja. Ukishuka stejini niite, nitakuja mwenyewe kukuchukua, usipande boda usiku.

Mama yako,
Bombo