Mwanangu, kila hela ina tarehe yake

Mwanangu,

Meseji yako nimeisoma usiku, asubuhi nikaisoma tena. Unaniuliza utoe akiba yote benki ununue dola kabla ya uchaguzi au uiache hukohuko, maana kazini kwenu kila mtu anasema mambo yataharibika na hela yetu itaanguka. Nilitaka kukupigia nikashindwa nianzie wapi, nikaona bora niandike.

Kilichonijia kichwani si benki wala dola, ni cherehani ya bibi yako. Ile nyeusi yenye droo mbili pembeni, tuliyokuwa tunakugombeza ukiisogelea. Nyinyi mlidhani ni kwa ajili ya sindano.

Mwaka ule wewe uko darasa la tano, na maneno yalikuwa hayahaya. Asubuhi moja jirani akapita akaniambia foleni ya benki imefika barabarani, nami nikavaa viatu nikaenda kujipanga bila hata kujiuliza naenda kufanya nini. Kwenye foleni ile hakuna aliyekuwa na habari kamili, kila mmoja amekuja kwa sababu mwenzake amekuja, na ukishaona watu mia mbele yako moyo unakwambia hawa wote hawawezi kuwa wamekosea. Hela zenyewe zilikuwa za muda maalumu, zimebakiza wiki sita tu ziive. Nikazivunja, riba yote ikapotea, nikatoka pale moja kwa moja kununua dola siku ambayo kila mtu anazitafuta, kwa hiyo bei iko juu kuliko siku zote. Nikazifunga kwenye kitambaa nikaziweka droo ya chini.

Uchaguzi ukapita. Wakarushiana maneno wiki mbili tatu, benki haikufungwa hata siku moja, dola ikashuka bei. Hilo ningelimeza. Ila shule ilipokaribia kufunguliwa nikafungua droo nichukue ada yako, nikakuta mafuta ya mashine yamevuja, yamepenya kitambaa, noti zina doa la kahawia na zinanuka. Kijana wa duka la kubadilisha fedha akainua moja kwenye mwanga, akapitisha kidole gumba juu ya doa, akanirudishia chini ya kioo bila neno. Akainua ya pili, hivyohivyo. Nilizunguka maduka manne siku ile. Marekani wenyewe wanasema noti zao zote walizotoa tangu 1861 bado ni halali, lakini mtu wa dukani hiyo 1861 haimhusu, yeye anaangalia kama na yeye atapata wa kumpa. Wa nne ndiyo akachukua chache, kwa bei ya kutupa.

Ndiyo maana ulikaa nyumbani muhula mzima. Tulikwambia shule imejaa, unasubiri nafasi. Baba yako alitaka tukwambie ukweli, mimi nikakataa. Nakumbuka ulivyokuwa unapanga madaftari kila Jumapili jioni, halafu unayarudisha kwenye begi. Hela zipo ndani ya nyumba, mtoto hana ada. Mpaka leo nikisikia harufu ya mafuta ya cherehani nasikia vibaya.

Tangu hapo ndipo nilipoanza lile neno langu mlilolichoka, kila hela ina tarehe yake. Wewe umeniuliza akiba ikae wapi, mimi nataka kujua utaihitaji lini. Hela ya kodi ya nyumba ya miezi mitatu ijayo haina kazi na dola, kwa sababu kodi hulipi kwa dola, na ukinunua leo kwa bei ya woga ukaja kuuza mwezi ujao umekatwa mara mbili, kwenye kununua na kwenye kuuza. Hela ambayo huigusi miaka mitano hiyo ni habari nyingine kabisa, hiyo mfumuko wa bei unaila kidogokidogo hata kama hakuna aliyerusha jiwe, na hapo sikukatalii kuigawa, nyingine kwenye fedha za nje, nyingine kwenye kitu chenye thamani yake.

Ila mahali pa kuweka hela pasipo na hatari sijapaona. India tarehe 8 Novemba 2016 serikali ilitangaza usiku kwamba noti za 500 na 1,000 zimeishia hapo, na waliobanwa kwenye foleni walikuwa hasa wale wa kuficha nyumbani na wanaoishi kwa hela taslimu. Saiprasi mwaka 2013 benki zilifungwa karibu wiki mbili, kwanza serikali ikataka kukata hata wenye akiba ndogo, bunge likakataa, mwisho wakakatwa wenye zaidi ya yuro 100,000 kwenye benki mbili kubwa. Kwa hiyo kaulize benki yako bima ya amana, ile inayokurudishia akiba benki ikifilisika, inalipa mpaka kiasi gani kwa mtu mmoja, na kama umepita hapo gawanya benki mbili. Hilo lifanye hata kama uchaguzi usingekuwepo.

Na hiyo dola ya kwenye akaunti, angalia vizuri. Argentina Desemba 2001 watu walizuiwa kutoa zaidi ya peso 250 kwa wiki, halafu mapema 2002 dola zao zilizokuwa benki zikageuzwa peso kwa lazima, peso 1.40 kwa kila dola, na huku sokoni peso inazidi kuporomoka. Mtu alilala na dola akaamka na peso.

Sasa hapa ndipo ninapogombana na nafsi yangu. Maana Lebanoni mwaka 2019, benki zilipoanza kuzuia watu kutoa hela zao, waliowahi kutoa ndio waliopona. Waliotulia, waliosema mama yangu alinifundisha nisikimbilie foleni, hao mpaka miaka imepita wanaona namba kwenye akaunti na hela hawapewi ila kidogokidogo. Kwa hiyo siwezi kukwambia woga siku zote unadanganya. Mimi ulinidanganya, wao uliwaambia kweli, na wote tulikuwa tunasikia sauti ileile. Nimelifikiria hili miaka mingi na bado sijapata namna ya kuzitofautisha.

Ulimi unaniwasha nikwambie usitoe, acha hukohuko. Najizuia, kwa sababu atakayesema hivyo ni yule mama wa kwenye maduka manne, naye hayajui ya mwaka huu. Uamuzi ni wako. Ila uamue ukiwa umekaa nyumbani, na mwenzio yupo, kalamu mkononi, siyo ukiwa umesimama nyuma ya mgongo wa mtu.

Na kabla ya dola, kabla ya benki, ile ada ya mjukuu wangu ya muhula ujao iko wapi? Iko peke yake au imo ndani ya hiyo akiba yote unayotaka kuihamisha? Nijibu hilo leo, hata kwa meseji fupi.

Mama yako