Docta, kwa nini seli zinajiua?

Barua za wiki hii zimetoka Katuba, Ruashi na Kampemba, hapa Lubumbashi, na zote zinagusa jambo moja: seli, yaani chembe hai zinazojenga mwili, zinavyokufa.

Mama wa Katuba: Mtoto wangu ni SS, ana ugonjwa wa selimundu. Kila mara damu inamwishia, macho yanakuwa ya njano. Jirani anasema ni uchawi.

Mama, jirani akuache. Chembe nyekundu ya damu huishi siku 120 hivi. Ya mtoto wa SS hujipinda kama mundu, hukakamaa, na baada ya siku 10 hadi 20 imekwisha. Uboho wa mifupa unatengeneza nyingine mchana na usiku lakini haufikii, kama mtu anayejaza maji kwenye bidoni iliyotoboka. Chembe zikivunjika, rangi yake nyekundu hugeuka kuwa ya njano. Ini likizidiwa, unaiona machoni. Malaria nayo hupasua chembe hizohizo, kwa hiyo mtoto alale ndani ya chandarua kila usiku. Homa ikimshika, usingoje kukuche, mpeleke kituo cha afya.

Na baba yake asikutupie lawama. SS hurithiwa kwa wazazi wote wawili. Mkiwa wote AS, yaani mnabeba selimundu bila kuugua, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kuleta mtoto wa SS.

Mwanafunzi, Ruashi: Mwalimu anasema kuna seli zinazojiua. Zijiue kwa nini?

Tazama vidole vyako. Tumboni mwa mama, mkono wako ulianza kama mguu wa bata, na seli zilizoziba katikati ya vidole zikajiua. Mwaka 1972 wanasayansi Kerr, Wyllie na Currie walikiita kifo hicho apoptosisi, neno la Kigiriki linalohusu majani kupukutika. Seli husinyaa, hujikata vipande, na seli za jirani huvimeza. Hakuna uvimbe wala maumivu.

Baba wa Kampemba: Mbona ukiungua na mbabula, jiko la makaa, panavimba?

Hiyo ni nekrosisi. Moto umeiua seli ghafla, nayo imevimba, ikapasuka na kumwaga vilivyomo, ndipo mwili unapokuja mbio na wekundu na joto. Kovu la namna hiyo ninalo kwenye kifundo cha mkono, la utotoni. Mtu alinipaka dawa ya meno. Msifanye hivyo. Maji baridi yanayotiririka, dakika 20.

Dada, Katuba: Sokoni wananiuzia chupa ya kuzuia seli zisife, eti sitazeeka. Ninunue?

Hapana. Seli iliyokataa kufa ndiyo mwanzo wa kansa. Mwilini kuna protini, p53, inayoiamuru seli iliyoharibika ijiue. Katika kansa nyingi protini hiyo imeharibika. Henrietta Lacks wa Marekani alifariki mwaka 1951 kwa kansa ya mlango wa kizazi, na seli za uvimbe wake zinaendelea kugawanyika katika maabara mpaka leo. Huyo muuzaji muulize kwanza ndani ya chupa ameweka nini.