F1 na IndyCar: mbona piti za Wamarekani ni za polepole?

Habari ndugu. Umeuliza kwa nini gari la IndyCar (mbio za magari za Marekani) likiingia piti, yaani kituo cha kulihudumia kando ya njia ya mbio, hukaa sekunde saba au nane, na la F1 (Formula 1, mbio za magari za dunia) mbili na ushee, ukadhani mafundi wa Marekani ni wazembe. Tazama kwanza ule mpira mnene, bomba la kupitishia mafuta. IndyCar hujaza mafuta katikati ya mbio. F1 walipiga marufuku tangu 2010, wanabadilisha matairi tu. Mimi nami niliwacheka kwenye kibanda cha kutazamia mbio hapa Kampala hadi jamaa akanionyesha ule mpira, nikanyamaza. Tofauti nyingine, IndyCar wote wanatumia chasi (fremu ya gari) ya kampuni ya Dallara, F1 kila timu hujiundia yake. Mei jaribu kutazama Indianapolis 500, mbio kubwa ya IndyCar, mizunguko 200. Kwetu huanza karibu saa mbili usiku.