Kalori za mazoezi ya sebuleni: kwa nini saa inakuongezea, na namna ya kupiga hesabu mwenyewe

Dada, nimesoma uzi wako wote mpaka kwa wale waliokujibu "we kaza tu". Umesema una kilo 90, uko Sakina hapa Arusha, unafuata video ya nusu saa sebuleni mara nne kwa wiki, na kila ukimaliza, saa yako ya mkononi inakuandikia kalori 410. Ukishaziona hizo 410 unajiruhusu chapati ya ziada jioni kwa kuwa umeshaichoma. Miezi inakatika na mizani iko palepale. Ukauliza: saa ni mbovu au mwili wangu ndio una shida?

Mwili wako uko sawa, na saa inafanya kazi yake kama ilivyotengenezwa. Tatizo ni kwamba kwa mtu anayeanza akiwa hana pumzi, karibu kila kosa la makadirio linaegemea upande mmoja, upande wa kuongeza. Wengi hudhani yanafidiana, leo imezidisha, kesho imepunguza, mwisho wa wiki mambo yako sawa. Hayafidiani. Yanabebana.

Tuijaribu hiyo 410 kwanza. Ukikimbia kilomita 1 ya tambarare unatumia takriban kalori 1 kwa kila kilo ya mwili wako. (Nikisema kalori namaanisha zile za kwenye pakiti za vyakula. Ukikuta pakiti imeandikwa kJ, gawa kwa 4.2.) Kwa kilo 90, kila kilomita ni kalori 90. Kufikisha 410 ungetakiwa kukimbia kilomita 4 na nusu ndani ya ile nusu saa, bila kusimama hata mara moja. Na wewe mwenyewe umeandika kwamba ukipanda ngazi za ofisini unafika juu umeshika ukuta.

Yule mwalimu wa kwenye video anayepiga kelele "choma kalori 500 kwa dakika 20" naye mpigie hesabu hiyohiyo. Mtu wa kilo 70 angelazimika kumaliza kilomita 7 kwa dakika 20, yaani kilomita 21 kwa saa. Huo ndio mwendo wa marehemu Kelvin Kiptum kule Chicago Oktoba 2023, alipoweka rekodi ya marathoni ya saa 2:00:35. Wewe uko kwenye mkeka kati ya kochi na meza ya TV.

Sasa nyongeza hiyo inatoka wapi? Kubwa kuliko zote ni mapigo ya moyo. Saa haipimi kalori hata kidogo. Ile taa ya kijani kwa chini inasoma mapigo, halafu programu inakisia kutokana na mapigo, umri, jinsia na uzito uliojaza. Kinachoenda sambamba na kalori ni oksijeni mwili unayotumia: lita 1 ni kama kalori 5. Moyo wa mtu asiyefanya mazoezi unasukuma damu kidogo kwa kila pigo, kwa hiyo unalazimika kupiga mara nyingi zaidi kupeleka oksijeni ileile. Saa ikiona mapigo 160 inadhani umebeba kazi nzito, kumbe unanyanyua magoti. Baada ya muda, ukiwa umepata pumzi, video ileile inaandika kalori chache kuliko mwanzo na watu wanaanza kulalamika kwamba mwili umezoea. Kazi haijapungua kiasi hicho. Moyo ndio umeimarika, na saa imeanza kusogea karibu na ukweli.

Joto nalo linaingia humohumo. Mimi nakaa Njiro, na Desemba kama ilivyo ada tunashuka Moshi kwa mama. Nikifanya raundi zangu za kawaida pale barazani Pasua saa nane mchana, kuchuchumaa na kuinuka kulekule, idadi ileile, saa inaniandikia kalori nyingi kabisa kuliko asubuhi ya baridi huku Njiro. Kinachotokea ni kwamba damu nyingine inapelekwa kwenye ngozi kupooza mwili, basi moyo unaongeza kasi. Tena Moshi mjini iko chini ya mita 900 wakati Arusha ni kama mita 1,400, kwa hiyo kwa upande wa hewa kule ni rahisi zaidi. Jasho linalolowesha fulana ni maji, ukinywa chupa mbili limerudi lote.

Halafu kuna pushapu na planki. Mikono ikifanya kazi ngumu, au misuli ikikazwa bila kusogea, mapigo hupanda kuliko oksijeni inayotumika. Unatetemeka kwenye planki, moyo unakudunda masikioni, saa inashangilia, na kalori zilizotumika ni kidogo tu. Planki ni nzuri kwa mgongo na tumbo, endelea nayo, ila usiitegemee kwenye hesabu hii.

Kama unadhani ni saa yako tu kwa sababu ulinunua ya bei rahisi kwa machalii wa simu pale mjini, mwaka 2017 watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walipima vifaa 7 vya mkononi, vya kampuni kubwa kabisa. Kwenye mapigo ya moyo sita vilikuwa na kosa chini ya asilimia 5, yaani vizuri mno. Kwenye kalori, kilichokuwa bora kuliko vyote kilikosea kwa wastani wa asilimia 27, na cha mwisho asilimia 93. Hapo ndipo teknolojia ilipokuwa.

Kuna mdau hapo juu amesema saa yake inamwandikia kalori chache mno hadi anaona aibu, na kwamba anatumia dawa za presha. Mkuu, wewe ni tofauti na wengine wote humu. Baadhi ya dawa hizo, kama atenololi na propranololi, zinashikilia mapigo yasipande. Usiongeze kasi kuifurahisha saa. Ongea na daktari wako kwanza kuhusu kiasi cha mazoezi.

Sababu ya pili ni ndogo kuielezea lakini inakula nusu ya hesabu: mapumziko. Nilimpa mwanangu simu yenye stopuwochi, nikamwambia aiwashe pale tu ninaposogea na aizime nikisimama. Alikaa kwenye mkono wa kochi kama refa, kidole juu ya kioo. Nikishika kiuno, anazima. Nikinyoosha mkeka uliokunjamana, anazima. Nikajifanya nafunga kamba za raba kwa muda mrefu kidogo, akasema, "Baba, hiyo siyo zoezi." Nusu saa ya video ilitoa chini ya dakika 15 za kusogea. Na hiyo ni siku ambayo nilikuwa naangaliwa. Mfanyie hivyo na wewe, kama una mtoto asiye na huruma.

Ya tatu: ndani ya ile 410 mara nyingi zimo kalori ambazo ungetumia hata ukiwa umekaa unaangalia tamthilia. Mwili uliotulia unatumia kama kalori 1 kwa kila kilo kwa saa, na kwa mwenye mafuta mengi ni pungufu ya hapo. Kwa kilo 90 nusu saa ni kama 45. Hizo si za mazoezi, usizihesabie chapati.

Haya, tupige ya kwako. Kuna jedwali ambalo wataalamu wanalitumia tangu 1993, linaitwa Compendium of Physical Activities, lilihuishwa tena mwaka 2024. Kila shughuli imepewa namba inayoonyesha ni mara ngapi ya kukaa kimya. Katika toleo la 2011 mazoezi ya viungo ya kawaida yako kwenye 3.8, yale ya nguvu kabisa 8. Mtu wa video anaweza kukaa kwenye 8. Wewe dakika unazosogea ziweke 6, na hapo nimekupendelea. Toa 1 ya kukaa, inabaki 5. Kilo 90 mara 5 ni 450 kwa saa, sawa na 7.5 kwa dakika. Dakika 14 za kusogea kweli zinakupa 105. Zile 16 za kuhema umesimama ziweke 2, toa 1, unapata 24 hivi. Jumla ni kalori kama 130.

Kutoka 410 hadi 130. Najua inauma.

Na wale wanaosema mwili unaendelea kuchoma hadi kesho yake, kitu hicho kipo kweli, ila kwa kipindi kifupi cha mtu anayeanza ni kalori chache sana. Ziache.

Bado hiyo 6 ni ya kukadiria, na hapa ndipo ninapokushauri upate zoezi moja unaloweza kulipigia hesabu bila kubahatisha, ulitumie kupimia mengine. La nyumbani lililo bora ni kupanda na kushuka kidato. Chukua rula ya mtoto ya sentimita 30, pima kidato cha baraza lako kutoka chini kwenda juu. Tuseme ni sentimita 15. Panda mguu wa kulia, panda wa kushoto, shuka wa kulia, shuka wa kushoto: huo ni mzunguko mmoja, ufanye kwa sekunde 3, yaani mizunguko 20 kwa dakika. American College of Sports Medicine, chama cha wataalamu wa tiba ya michezo cha Marekani, wana kanuni yake, nimekurahisishia. Urefu wa kidato kwa mita zidisha kwa 2.4, ongeza 0.2, kisha zidisha kwa mizunguko ya dakika moja. Kwa kidato chako: 0.15 mara 2.4 ni 0.36, ongeza 0.2 ni 0.56, mara 20 ni 11.2. Hizo ni mililita za oksijeni kwa kila kilo kwa dakika, na za kukaa zimeshatolewa. Mara kilo 90 ni kama lita 1. Lita 1 ni kalori 5.

Kwa hiyo kila dakika kwenye kidato ni kalori 5, uwe unatokwa jasho au hutokwi. Dakika 20 mfululizo ni 100, na hazina ubishi wa mapumziko kwa sababu mwendo huo wengi wanaweza kuudumisha. Magoti yakilalamika, punguza kasi kabla ya kupunguza muda. Kifua kikibana au kizunguzungu kikija, acha kabisa, nenda kapimwe.

Ukishazoea, sikiliza pumzi yako pale kwenye dakika ya tano. Unaweza kuongea sentensi nzima lakini kuimba huwezi? Basi hiyo ndiyo pumzi ya kalori 5. Rudi kwenye video: zoezi la miguu likikufikisha kwenye pumzi hiyohiyo, liandikie 5. Likikufanya ukate maneno, liandikie 7 au 8, lakini kwa dakika ulizosogea tu.

Kutembea nako kunahesabika kirahisi hivyohivyo. Kilomita 1 ya tambarare ni nusu kalori kwa kila kilo, kwako 45. Ukishuka kwenye kifodi (daladala zetu ndogo) mapema ukatembea kilomita 3 umeshapata sawa na video yako yote. Na sisi wa Arusha tuna zawadi ya mlima: barabara inayopanda mita 5 kwa kila mita 100 inakaribia kuongeza gharama maradufu. Ukitaka kujua maana yake, jaribu njia za kupandisha Ilboru.

Turudi kwenye mizani. Kilo 1 ya mafuta ya mwili ni takriban kalori 7,700. Kalori 130 mara nne kwa wiki ni 520, mwezi mzima ni kama 2,200, hata theluthi ya kilo haifiki. Mizani yako inapanda na kushuka zaidi ya hapo kwa maji na chumvi peke yake, kwa hiyo huwezi kuiona. Upande wa pili, kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ya alizeti ni kalori 120. Chapati yenye unga wa gramu 60 na kijiko hicho inapita 300. Ndiyo, chapati moja inameza vipindi viwili. Hata parachichi zetu hizi kubwa za Arumeru, ambazo ni chakula kizuri, nusu yake inaweza kula kipindi kizima. Mimi ningeacha kabisa kufidia mazoezi kwa chakula mpaka utakapokuwa na pumzi ya kufanya kazi saa nzima, na ningechukua tepu ya fundi cherehani nipime kiuno usawa wa kitovu, asubuhi kabla ya chai, mara moja kwa mwezi.

Umeuliza pia kama ununue saa ya laki tano. Kwa ajili ya kalori, hapana. Hiyo uliyonayo ivae uangalie mapigo: panda kidato chako kwa kasi ileile kila Jumamosi asubuhi, dakika 5, uandike mapigo ya mwisho kwenye daftari. Kazi ni ileile, kidato ni kilekile, saa ni ileile, kwa hiyo namba ikishuka kutoka 150 kuja 135 hapo kuna kitu kimebadilika kweli. Ukishapima kidato, weka hapa urefu wake na kasi unayoimudu, nikupigie hesabu. Na wengine wenye vidato vya ajabu ajabu leteni tu.