Je, Yafaa Muislamu Kutumia Dawa za Kihindi za Ayurveda?

SWALI: Assalaam alaykum, sheikh. Mama yangu ana miaka 67, magoti yanamsumbua, na kila siku anameza vidonge vya presha. Jirani yetu, mama wa Kihindi, amemletea dawa za Ayurveda: mafuta ya kuchua, chupa ya dawa ya kunywa na kopo la vidonge. Akamfundisha na maneno ya Kihindi ya kusoma kabla ya kunywa. Kwenye kopo kuna picha ya mtu mwenye mikono minne. Kaka yangu anataka vyote vitupwe, anasema ni tiba ya washirikina. Mama anasema mafuta yale yamempa nafuu. Tufanye nini?

JIBU: Wa alaykumu ssalaam warahmatullahi wabarakatuh. Binti yangu, kaka yako ana ghera na dini yake, na Allah amlipe. Ila amefunga furushi moja vitu ambavyo sheria inavitazama kila kimoja peke yake.

Ayurveda ni neno la Kisanskriti: ayus ni uhai, veda ni elimu. Asili yake ni Bara Hindi, na mizizi yake inafika kwenye Atharvaveda, kitabu cha Wahindu cha takriban miaka 3,000, ambamo majani ya dawa na nyimbo za kuomba miungu vimechanganywa pamoja. Baadaye vikaja vitabu vya utabibu wenyewe. Cha Charaka kinaeleza maradhi ya ndani, na cha Sushruta ni cha upasuaji. Humo utakuta namna ya kumtengenezea pua mtu aliyekatwa pua, kwa ngozi ya shavu lake. Msingi wao ni kwamba mwili unaendeshwa na mambo matatu, vata, pitta na kapha, ambayo watu wamezoea kuyaeleza kama upepo, nyongo na kohozi, na ugonjwa ni kuvurugika kwa mizani yake.

Sasa tazama jambo hili. Katika nyimbo za Atharvaveda umo mzizi unaosifiwa kwa kuponya homa, unaitwa kushtha. Waarabu waliujua kwa jina la qusti. Na katika Sahih al-Bukhari, Ummu Qays bint Mihsan (r.a.) anasimulia kuwa Mtume (s.a.w.) alisema: “Tumieni udi huu wa Kihindi, kwani ndani yake mna ponya saba.” Udi huo ndio qusti, si udi wetu wa kufukiza. Mzizi ule ule! Mtume aliuagiza kwa jina la nchi yake, wala hakusema muuache kwa kuwa wenyewe wanauimbia miungu. Nyimbo zao hazikumhusu. Mzizi ni kiumbe cha Allah.

Maulamaa na matabibu wa Kiislamu walilielewa hivyo. Khalifa Harun al-Rashid, aliyetawala Baghdad kuanzia 786 hadi 809, alipougua aliletewa tabibu wa Kihindi aitwaye Manka, na waziri wake Yahya bin Khalid al-Barmaki akaamuru kitabu cha Sushruta kifasiriwe kwa ajili ya hospitali. Mwaka 850 Ali bin Rabban al-Tabari alimaliza kitabu chake Firdaws al-Hikma, na sehemu ya mwisho akaitenga kwa tiba ya Wahindi. Al-Razi naye amenukuu kutoka kwao. Hata dawa iitwayo itrifali katika vitabu vya tiba ya Kiarabu ni triphala ya Wahindi, yaani matunda matatu. Jina tu limebadilika ulimi. Basi mwenye kuzitupa hizi kwa sababu ya asili yake, ana kazi ya kutupa na vitabu vyetu. Na muarubaini wa uani kwenu je? Nao kwao ni Bara Hindi.

Tuje kwenye dawa za mama. Yale maneno asiyasome. Mtume (s.a.w.) alisema kuhusu ruqya, yaani maneno ya kumsomea mgonjwa, “hapana ubaya maadamu hamna shirki,” kama ilivyo katika Sahih Muslim, na maneno usiyoyajua maana hujui unamwita nani. Aseme Bismillah. Picha ile huenda ni Dhanvantari, wanayemwamini kuwa mungu wa utabibu. Vidonge vikionekana havina madhara, mhamishieni kwenye chombo kingine, yaishe. Mafuta ya kuchua hayana neno, maadamu hamna najisi ndani yake, na mengi huwa ni ya ufuta na majani.

Chupa ya kunywa msome karatasi yake. Ikiandikwa asava au arishta, hiyo ni dawa iliyochachushwa kwa asali au sukari guru mpaka ikatoa kileo chenyewe. Mimi namshauri aiache, kwa kuwa dawa hizo hupatikana za unga, na Mtume (s.a.w.) alipoulizwa juu ya pombe kwa ajili ya dawa alijibu: “Si dawa, bali ni ugonjwa.” Vilevile zipo dawa zao zenye mkojo wa ng'ombe, na sisi Mashafi mkojo kwetu ni najisi, hautumiwi ila kwa dharura ikikosekana dawa iliyo safi kisheria.

Kinachonitia hofu zaidi ni kopo la vidonge. Baadhi ya dawa hizi hutiwa majivu ya madini, zebaki na risasi zikiwemo, na kwenye karatasi huandikwa bhasma. Mwaka 2004 watafiti wa Marekani walipima bidhaa 70 za Ayurveda zilizouzwa madukani eneo la Boston, wakakuta 14 zina risasi, zebaki au aseniki. Kujidhuru ni haramu, hata kwa dawa ya mitishamba, hata ikitoka kwa jirani mwema. Na mama yako ana presha. Mzizi wa sarpagandha, wa tiba hiyo hiyo, ndio uliotolewa reserpine mwaka 1952, dawa ya kushusha presha. Akimeza kitu kama hicho juu ya vidonge vyake, presha inaweza kushuka kupita kiasi.

Kwa hiyo kopo na chupa visiguswe kwanza. Vitieni mfukoni pamoja na karatasi zake, mvipeleke kwa daktari anayempa dawa za presha, avisome. Mafuta aendelee kuchuliwa, na jirani mumpelekee shukrani, ana haki yake ya ujirani. Wallahu aalam.