"Wattle": fito, miwati au ndevu za kuku?

SWALI: Mwalimu, habari za kazi. Niko Temeke, natafsiri kutoka Kiingereza mwongozo wa ufugaji na mazingira. Neno "wattle" nimekutana nalo kwenye kuta, kwenye miti, kwenye ugonjwa wa kuku na kwenye kuzuia mmomonyoko. Kamusi yangu inanipa "fito" tu. Nifanyeje?

JIBU: Salama, ndugu yangu. Usitafute neno moja la kufaa kote, hulipati. Tazama neno lililokaa jirani nalo.

Ukiona "daub" pembeni, ni ukuta wa fito na udongo. Pwani tuna jina lake, kiambaza. Mtaani nyumba yake huitwa ya mbavu za mbwa. "Wattle" ni fito, "daub" ni udongo wa kukandika. Usiandike "plasta", fundi atakayesoma ataenda kununua saruji.

Hapo kuna jambo linalowapita wengi. Ukuta wa Kiingereza fito zake husukwa: tawi jembamba hupita mbele ya kigingi kimoja na nyuma ya kinachofuata, kama ukili. Huku kwetu nguzo husimikwa, mara nyingi za mikoko, fito zikalazwa ndani na nje na kufungwa kwa kamba, kisha mabonge ya udongo yakashindiliwa katikati. Kwa hiyo soma maelezo na mchoro kabla ya kuchagua "zilizosukwa" au "zilizofungwa".

Na kama mwongozo unaeleza mchanganyiko, usiuchezee. Mfinyanzi ukizidi, ukuta hupasuka unapokauka. Mchanga ukizidi, hupukutika ukiupitishia kiganja. Dawa ni kukandika kipande kidogo kwanza kwa udongo uliochanganywa na nyasi zilizokatwakatwa, kikauke kabisa. Ufa ukiingiza ukucha, ongeza mchanga. Mkono wa pili wa udongo usubiri wa kwanza ukauke, la sivyo utabanduka wote kama ganda.

Kwenye miti ni miwati. Wenyeji wa Njombe hawahitaji maelezo, maana huko hupandwa kwa ajili ya magome yenye tanini, dawa ya kusindika ngozi za wanyama, na kwa kuni na mkaa. Asili yake ni Australia, na jina lilitokana na zile zile fito: walowezi walijengea kuta kwa matawi ya miti ya jamii hiyo. Weka jina la kisayansi, Acacia mearnsii, pembeni mara ya kwanza. Jamii hiyo ina miti mingi na msomaji asije akapanda mwingine.

Kwa kuku andika ndevu, yaani zile nyama mbili nyekundu zinazoning'inia chini ya mdomo. Usizichanganye na upanga, ambao uko kichwani. Kosa hapa linagusa tiba: ndevu zilizovimba ni dalili mojawapo ya kipindupindu cha kuku kilichokaa muda mrefu, na ndui huanza na vipele kwenye upanga, ndevu na kuzunguka macho. Kuku hatoi jasho, joto lake hupungulia humo pia, hivyo mfugaji ajue hasa sehemu ya kutazama.

La mmomonyoko ni mabomba ya majani makavu yaliyofungwa ndani ya wavu, hulazwa kukingama mteremko. Eleza hivyo hivyo kwa maneno, kisha ongeza kwamba hukazwa kwa vigingi na kuzamishwa kidogo ardhini. Yakikaa juu juu, maji hupita chini yake na kuchimba mfereji.