Ziwa limemmeza muuza dagaa

SWALI: Dada, tunapiga filamu fupi Mwaloni, Kirumba, kando ya ziwa jijini Mwanza. Muuza dagaa wetu nimemvisha kitenge cha bluu, lakini kwenye picha hajitokezi kabisa. Nimekosea wapi? (Msomaji, Igoma)

JIBU: Mdogo wangu, ziwa limemmeza. Bluu mbele ya maji na anga hupotea. Mvishe rangi ya chungwa, macho yatamfuata hata akiwa mbali kati ya mitumbwi. Mwaka 1939, filamu ya The Wizard of Oz ilibadili viatu vya rangi ya fedha vya kitabuni vikawa vyekundu, ili rangi ing'ae.

Nyeupe tupu nayo iogope: jua la saa saba huiunguza kwenye kamera, ikabaki doa jeupe tu. Mimi huloweka kanga nyeupe kwenye chai ya rangi usiku kucha, ili weupe wake upungue. Na mtumbwi wa nyuma yake, tafadhali, usiwe wa chungwa.